Dola nne ili zifike mbili

Nywila ya hifadhidata tuliyopewa na mteja ilikuwa Mto$$7#. (Ilibadilishwa zamani, asijisumbue mtu.) Niliiandika ndani ya skripti ya kujengea programu, nikaiendesha, hifadhidata ikanikatalia. Nikaiandika upya polepole, kidole kwa kidole. Ikanikatalia. Saa tatu usiku nikampigia mteja kumuuliza kama ana hakika na nywila yake, naye akanisomea alama moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea. Ilikuwa ileile niliyoandika.

Hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Januari 2021. Kesho yake jioni, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa Uganda nzima, ikarudi Jumatatu tarehe 18. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka minne, na kila kosa nililitatua kwa njia moja: nanakili ujumbe wa kosa, naubandika kwenye Google, nachukua jibu lenye alama ya vema. Sasa nilibaki na laptopu, yuniti chache za Yaka (umeme wa kulipia kabla), na faili zangu mwenyewe.

Naandika haya kwa sababu juzi kijana wetu mpya ofisini amekaa kutwa nzima akipigana na alama ya dola, na nilipomkaribia nikajiona mimi wa mwaka ule.

Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda, ndiyo maana Kiswahili nilikijua sokoni kabla sijakutana na Kiingereza darasani. Wakati huo tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja Ntinda, Kampala, tukitengeneza programu ya chama cha kuweka na kukopa. Seva ilikuwa ya Java, tukiijenga kwa Maven, programu ya kujengea programu nyingine. Wanachama walitumia programu ya Android. Lugha zilikuwa tatu, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Mkataba ulikuwa wa shilingi 3,800,000. Kwetu hizo zilikuwa kodi ya chumba na chakula cha miezi kadhaa.

Mambo yalianza kuharibika Desemba, ila sikujua. Anwani ya hifadhidata ya MySQL huwa na vigezo vinavyounganishwa kwa alama ya &, hivi: ?useUnicode=true&characterEncoding=UTF-8. Nikaibandika kama ilivyo ndani ya pom.xml, faili ambalo Maven hulisoma kujua namna ya kujenga mradi. Maven ikagoma hata kabla ya kuanza. Faili hilo ni XML, na msomaji wa XML akiiona & anajua kuna jina linafuata, kisha nukta-mkato; asipoviona anatupa kalamu. Dawa yake ni kuandika &amp;amp; — samahani, hata hapa vidole vimenichanganya — ni kuandika &amp; mahali pa &, na &lt; mahali pa <. Dakika kumi, kazi ikaendelea.

Nikafurahi, nikainakili anwani ile iliyopona, pamoja na &amp; yake, nikaibandika pia kwenye faili la .properties ambalo seva husoma inapowaka. Seva ikawaka. Hakuna kosa hata moja. Tukakipa kikundi kimoja cha wanachama waanze kuitumia kwa majaribio, tukaenda Krismasi. Nitarudi hapo, maana hapo ndipo pesa ilipopotelea.

Turudi kwenye nywila. Alhamisi watu walipiga kura, barabara zikawa kimya, na mimi nikiwa Kinawataka nikishindana na skripti yenye mistari thelathini. Ijumaa nikashindwa. Nikaenda kwa miguu hadi Mbuya kwa mzee mmoja aliyetusaidia kutunza seva, mwanajeshi mstaafu wa kitengo cha mawasiliano ya redio. Wote tulimwita Afande, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hakina muda wa mapambo.

Nikafungua laptopu nikaanza kumweleza. Akanikatiza. "Binti, usinionyeshe kitu unaona. Nionyeshe kitu iko ndani."

Sikumwelewa. Akanyoosha kidole: ile nywila inayoandikwa na skripti kwenye faili, je, umewahi kuifungua faili lenyewe ukaisoma? Sikuwahi. Nilikuwa nimesoma skripti mara mia, na kilichotoka ndani yake sikukiangalia hata mara moja. Tukafungua. Mahali pa Mto$$7# palikuwa na Mto183427#. Tukaendesha tena: Mto183917#. Kila safari nywila mpya!

Sheli ya Linux, yaani programu inayosoma amri na kuzitekeleza, ikikutana na $$ ndani ya alama za mtajo za jozi, inaweka hapo namba ya mchakato unaoendeshwa wakati ule. Kwa hiyo kwa siku nne nilikuwa naituma hifadhidata nywila tofauti kila mara, kisha nailaumu kwa kunikataa. Nilipobadilisha alama za jozi nikaweka za moja moja, 'Mto$$7#', dola zikabaki dola. Ndani ya alama za moja moja sheli haigusi kitu. Nilicheka hadi mke wa Afande akatoka jikoni kuona kuna nini.

Hatukumaliza. Skripti ile tulikuwa tunaihamishia kwenye Makefile, faili la maagizo linalosomwa na programu iitwayo Make, na nilipopeleka mstari uleule huko, pamoja na alama zake za moja moja, faili likaja na Mto$7#. Dola moja imeliwa njiani. Make, kabla ya kukabidhi mstari kwa sheli, huusoma yenyewe, na kwake dola mbili maana yake ni dola moja. Ili zifike mbili lazima uandike nne. "Hiyo ni kama soko la fedha mpakani," nikamwambia Afande, "unatoa nne unapokea mbili." Na nilipojaribu kuiweka nywila kama kigeu, yaani jina linalobeba thamani, juu ya Makefile, alama ya # ikapotea, kwa sababu hapo Make huona # ni mwanzo wa maelezo na hutupa kila kitu kinachofuata; lazima uitangulize bakslashi, \#.

Hapo ndipo nilipokumbuka mama yangu. Kabla kituo cha pamoja cha mpakani hakijafunguliwa pale Busia mwaka 2018, aliyevuka na mzigo alisimama mara mbili: upande wa Uganda anaonyesha karatasi, anatembea na gunia lake, upande wa Kenya anaonyesha nyingine. Mama hakuwahi kuondoka nyumbani na karatasi moja akitumaini itatosha wote. Alihesabu meza zilizoko njiani kwanza. Mimi nilikuwa nimesoma chuo miaka mitatu na nilikuwa naandika bakslashi kwa kubahatisha: moja isipofanya kazi naweka mbili, mbili zisipofanya kazi naweka nne, ikikubali nakimbia kabla haijabadili mawazo.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni nani anaisoma alama hii kabla ya kufika inakokwenda, na kwa mpangilio gani. Make, kisha sheli, kisha faili la .properties, kisha Java. Kila meza ina alama zake inazozikamata, na kila meza hula kinga moja, yaani ile alama ya ziada unayoiweka kuilinda nyingine. Orodha ya alama za hatari isiyosema ni za meza ipi haina faida. Alama ya # katikati ya mstari wa .properties haina neno lolote. Kwenye YAML, aina nyingine ya faili za mipangilio, inakuwa maelezo ikitanguliwa na nafasi. Kwenye kigeu cha Makefile inakata popote ilipo.

Kitu kingine Afande alichoniachia ni amri ya cat -A. Kwenye Linux ukiisomesha faili kwa amri hiyo, vitu visivyoonekana vinavua nguo. Kitufe cha Tab kinaonekana ^I. Mwisho wa mstari ulioandikwa kwenye Windows unaonekana ^M$, na huo ndio unaofanya skripti nzima ikatae kuendeshwa ikifika Linux. Ile nafasi isiyokatika, ambayo huja unaponakili kutoka kwenye kurasa au Word na ambayo kwa macho ni nafasi tu, inaonekana M-BM- na kujifichua. Kwa alama za mtajo zilizopinda, zile simu na Word huziweka bila kuombwa, huhitaji hata cat -A. Kuza herufi tu utaziona zimeinama. Nilipata tatu kwenye faili zangu jioni hiyohiyo. Saa tatu ilikuwa inakaribia, na kafyu ya korona bado ilikuwepo, nikakimbia nyumbani.

(Tab. Ofisini kwetu tunaitamka "tabu", na sijaona sababu ya kuirekebisha. Makefile inaidai mwanzoni mwa kila mstari wa amri, YAML imeikataza kabisa kwenye kupanga mistari. Programu yako ya kuandikia ikibadilisha Tab kuwa nafasi kimyakimya, umemaliza siku.)

Intaneti iliporudi, mwenzangu anayetumia Windows akanitumia kosa lake. Alikuwa ameweka kwenye .properties njia ya folda: D:\malipo\ussd. Java ikakataa kusoma faili zima, ikilalamikia yunikodi. Katika faili hizo \u ni mwanzo wa namba ya herufi, na baada yake Java inangoja tarakimu nne za msingi wa kumi na sita, ikakuta ssd. Kabla sijamjibu, yeye alikuwa amekwisha "tatua": akabadili jina la folda kuwa D:\malipo\namba, na malalamiko yakaisha. Yakaisha kwa sababu \n ni mstari mpya, jambo halali kabisa, na \m hupoteza tu bakslashi yake. Programu ikawa inatafuta folda iitwayo D:malipo, kisha mstari mpya, kisha amba. Ripoti za malipo za siku mbili hatukuzipata. Dawa rahisi ni kuandika D:/malipo/ussd. Java kwenye Windows inaikubali njia hiyo bila ubishi, na hakuna cha kukinga.

Sasa ile habari ya Desemba. Mwanzoni mwa Februari katibu wa kikundi cha majaribio alinipigia. Ni mwalimu mstaafu wa Kiganda, anaishi Mukono, na ni mtu ambaye ukikosea tahajia mbele yake anakurekebisha kabla ya kujibu salamu. Maandishi ya Kiganda yaliwekwa sawa mwaka 1947 na yana herufi moja ambayo kibodi za kawaida hazina: ŋ, kama katika eŋŋoma, yaani ngoma. Wengi huandika ng' na maisha yanaendelea. Mwalimu yeye haandiki nusunusu. Alikuwa na ŋ yake kwenye faili dogo, anainakili na kuibandika kila mahali inapotakiwa. Na kila mahali alipoibandika, programu yetu ilimrudishia alama ya kuuliza. E??oma.

Nilidhani ni tatizo la kuonyesha tu, kwamba herufi zipo ndani ila simu haina fonti. Nikamwambia hivyo, tena kwa kujiamini. Kisha sauti ya Afande ikanijia. Nikaiuliza hifadhidata initolee baiti zenyewe kwa HEX(). ŋ katika UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, ni baiti mbili, C5 na 8B. Nilikuta 3F. Na 3F ni alama ya kuuliza, si kivuli cha herufi nyingine.

Kisa chake ni ile &amp; niliyoinakili. Kwenye .properties hakuna msomaji wa XML wa kuifungua. Kiunganishi cha MySQL kilipokea kigezo kiitwacho amp;characterEncoding, hakikijui kigezo chenye jina hilo, kikakipuuza bila neno. Bila kuambiwa usimbaji, kikafuata ule wa seva, na seva yetu ilikuwa MySQL 5.7, ambayo isipoelekezwa hutumia latin1, mfumo wa zamani wenye herufi chache. Latin1 haina ŋ. Herufi isiyo na nafasi ikawekewa alama ya kuuliza, na ya asili ikatupwa.

Hili ningependa mtu angeniambia mapema. Ukiona Å‹ mahali palipopaswa kuwa na ŋ, pumua: baiti zote mbili zipo, zimesomwa tu kwa miwani isiyo yake, na zinaweza kurudishwa. Ukiona alama ya kuuliza, piga HEX kwanza, na ukikuta 3F jua umechelewa. Hakuna amri itakayokurudishia. Mimi nilikuwa na mistari 214 ya namna hiyo, majina ya vikundi na maelezo ya michango.

Mteja alikata shilingi 400,000 kwenye malipo ya mwisho. Nilinung'unika, lakini nisingeweza kusema ameonea. Nilichoona kibaya zaidi ni kwamba nilimdanganya Mwalimu bila kukusudia, nikamwambia vitu vyake vipo.

Wakati tunasafisha tukagundua kwamba hata maneno yetu wenyewe hayakuwa salama. Java 8 tuliyokuwa nayo ilisoma faili za tafsiri za .properties kwa ISO-8859-1, ndugu wa latin1, kwa hiyo ŋ ndani yake ililazimu iandikwe \u014b. Kuanzia Java 9 vifurushi vya tafsiri husomwa kwa UTF-8, lakini faili la .properties unalolifungua mwenyewe kwa InputStream bado linasomwa kwa mtindo wa zamani, na hapo ndipo wengi hupotea baada ya kuhamia toleo jipya. Kwenye pom.xml tukaongeza project.build.sourceEncoding yenye thamani UTF-8, mstari mmoja ambao ungepaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, ili laptopu ya Windows na ya Linux zisisome msimbo uleule kwa namna mbili.

Upande wa Android kulikuwa na Kiswahili chetu. Ritifaa ya ng' inakataliwa kwenye strings.xml, faili la maneno ya programu, isipokingwa kwa bakslashi. Tulikuwa na aina ya mkopo iitwayo "Ng'ombe & Mbuzi", na humo mna meza mbili: XML inayokamata &, na kijenzi cha Android kinachokamata ritifaa. Ikaandikwa Ng\'ombe &amp; Mbuzi. Mfasiri wetu alikuwa ametumia Word, kwa hiyo nusu ya maneno yake yalikuwa na ritifaa iliyopinda, ambayo Android inaipokea bila shida. Ni mtu anayetafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka ndiye aliyekuwa hapati kitu. Chagua moja, uibadilishe kote.

Baadaye tulihamia YAML na nikadhani nimepumzika. Tawi moja la chama lilikuwa na namba 0701. Kisomaji chetu kilifuata kanuni za YAML 1.1, ambamo namba inayoanza na sifuri na kuwa na tarakimu za 0 hadi 7 pekee huhesabiwa kwa msingi wa nane. Tawi likawa 449. Siku hizi kila namba isiyo ya kuhesabia, iwe ya simu, ya tawi au ya mwanachama, tunaifunga ndani ya alama za mtajo, hata pale isipohitajika.

Na nywila? Nilimwomba mteja aibadilishe iwe ndefu, herufi na tarakimu tupu, ishirini na nne. Alidhani naidhoofisha. Nikamweleza kwamba urefu unailinda vizuri kuliko dola mbili, na kwamba haitavukishwa tena mpaka wowote. Pia tuliitoa kabisa kwenye faili za kujengea; sasa inaingia kama kigeu cha mazingira seva inapowaka, maana haikutakiwa kamwe kuwa ndani ya faili lolote tunalolihifadhi kwenye Git, hifadhi yetu ya msimbo. Hilo nalo nilikuwa nalijua nadharia yake tangu chuo.

Tuliandika jaribio moja dogo linaloendeshwa kila tunapojenga. Linachukua mstari wenye &, $$, #, bakslashi, ng' na ŋ, linaupitisha kwenye meza zote mpaka hifadhidata, kisha linaurudisha na kulinganisha baiti kwa baiti. Limetukamata mara tano hivi.

Ile mistari 214 ilibidi iandikwe upya kwa mkono. Mwalimu alikuwa na kumbukumbu zake zote kwenye kaunta buku, wino wa bluu, hati ya kuvutia. Nilipanda taksi hadi Mukono Jumamosi mbili, nikakaa kwenye kibaraza chake, yeye akisoma na mimi nikiandika. Hakuniuliza hata mara moja kosa lilikuwa nini. Kila tukifika kwenye ile herufi alisimama kidogo, akainua vidole viwili. "Mbili, nnyabo. Si moja." Tukimaliza ukurasa aliomba laptopu, akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila neno kwenye kioo, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuweka alama ya vema kwenye buku lake.